Vigingi Vilivyomwagiwa Maji Kilimani

Jumatatu, tarehe 14 Aprili, 1958. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa, saa nne ya asubuhi, haijapumzika. Si mvua ya radi. Ni ile ya masika inayoshuka wima, haina haraka, kama mtu anayejua kuwa siku nzima ni yake. Tumo katika kumi la mwisho la Ramadhani, jikoni kumetulia, nami nimekaa barazani na daftari mlilonipa, vijana wa idara ya barabara, siku ya kuniaga kazini.

Mliniambia, "Mzee, tuandikie kazi yako ya udongo." Nimeufungua ukurasa wa kwanza mara tatu na kuufunga. Elimu yangu mnaijua: chuo cha Kurani hapa Zinga, kisha miaka minne ya shule ya serikali kule Bagamoyo mjini, basi. Wapo waliosoma kunizidi ambao wangeliandika jambo hili kwa ukurasa mmoja likatosha. Lakini wao hawakushika chuma, nami nimekishika miaka ishirini na mitano. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Mkiona nimejisifu mahali, mnisamehe. Nitajaribu kujisema pia.

Niliingia kama kibarua wa kufyeka majani kando ya barabara ya Dar es Salaam, hapa hapa Zinga. Siku ya tatu yule mtu aliyekuwa akishika chuma cha kupimia ardhi alishikwa na homa. Mzee Kibwana, msimamizi wa upimaji, akapita mbele ya mstari wetu akitazama mikono ya kila mmoja kama anayechagua ndizi. Akasimama kwangu.

"Jina lako?"

"Mohamedi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe una woga?"

"Kidogo."

"Vizuri. Asiye na woga hunipindia chuma."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Hakuna aliyeniuliza kama ninaitaka, na hata mimi sikujiuliza.

Nyinyi mna vyombo vipya, kwa hiyo niwaeleze chombo chetu. Kilikuwa chuma cha mviringo, kirefu kupita mtu, kimechongwa ncha kama penseli na kutiwa alama za tupa kila baada ya futi moja. Juu yake palikuwa na gogo la chuma lenye tundu katikati, nalo lilipanda na kushuka juu ya kile chuma kirefu. Unalinyanyua kwa mikono miwili mpaka mwisho, unaliachia, unahesabu moja. Unalinyanyua tena, mbili. Unaendelea mpaka alama ya futi imezama ardhini, kisha unaandika idadi ya mapigo. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Mapigo machache, ardhi laini. Kazi nzima ndiyo hiyo. Mke wangu nilipomweleza mara ya kwanza aliniuliza, "Yaani serikali imekuajiri uipige ardhi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usije ukanilalamikia mkono."

Chombo cha pili kilikuwa keekee ya udongo, ya kutobolea na kutoa udongo wa chini. Cha tatu ni makopo yenye vifuniko. Udongo uliotoka unautia ndani ya kopo, unaufunika upesi, unaupima kwa mizani, unaukaanga juu ya jiko mpaka ukauke kabisa, unaupima tena. Kilichopungua ni maji. Watu walicheka sana kutuona tukikaanga udongo. Jikoni kwetu kambini palikuwa na kikaango cha mchuzi na kikaango cha udongo, na mpishi mmoja, simtaji maana ana watoto na wajukuu, alivichanganya siku moja. Tulikula, tukanyamaza.

Mzee Kibwana hakunifundisha kwa maneno mengi. Siku moja tulikuwa Bagamoyo, maji yamekupwa, akanichukua pwani na baiskeli yake. Akaniambia nipande niende kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaomwagika kama unga. Gurudumu likazama, nikaanguka. Akaniambia nipite chini kidogo, pale ambapo mchanga una unyevu tu. Nikaenda kama niko barabarani. Kisha akaniambia niingie kwenye maji yenyewe. Nikazama tena.

"Mchanga ni huohuo," akasema. "Nani aliyeufanya mgumu?"

"Maji."

"Na nani aliyeufanya laini?"

"Maji, mzee."

"Basi usiniletee idadi ya mapigo peke yake. Niambie na maji yaliyomo." Akachukua baiskeli yake akafuta chumvi, maana aliipenda kuliko alivyotupenda sisi.

Somo lilikuwa hilo, nami nilidhani nimelielewa. Mtaona kwamba sikulielewa.

Sasa niandike habari ya kule upande wa Mkange, maana najua ndiyo mnayoitaka, na ndiyo ninayoionea fahari na haya kwa pamoja.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikubwa kwisha. Idara ilitaka kufungua barabara ya kwenda kaskazini itakayopitika mwaka mzima. Kabla hujafika Mkange palikuwa na njia mbili za kuchagua. Moja ilikata mbuga: tambarare, imenyooka, haina miti, udongo wake mweusi. Ya pili ilizunguka juu ya kilima cha udongo mwekundu wenye kichanga, ikapita katikati ya kitongoji cha wakulima. Hiyo ya kilimani ilikuwa ndefu zaidi na ina kona nyingi.

Watu wa kitongoji kile masika hubaki kama kisiwani. Mbuga hujaa, na wao hukaa juu wakingoja. Masika ya mwaka uliotangulia walimbeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa juu ya kitanda, wakazunguka siku nzima kutafuta pa kuvukia. Hawakufika. Kwa hiyo barabara ikipita kilimani, ingekuwa yao. Ikipita mbugani, wangeitazama kutoka juu, na masika ingezama mbele ya macho yao.

Bwana Injinia aliyekuwa juu yetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyejua Kiswahili cha kutosha kufanyia kazi na kisichotosha kufanyia mzaha. Siku hizi watu hupenda kuwasimulia mabwana wale kama wote walikuwa wajinga au wote wakali. Huyu hakuwa hivi wala vile. Alitaka njia fupi iliyo imara, na alitaka nambari za kumwonyesha. Sioni kosa katika hilo.

Mwezi ulikuwa Februari, jua la kaskazi linachoma, mvua ya vuli imeshasahaulika. Tulipiga kambi chini ya kilima. Mzee Kibwana mguu ulikuwa umemvimba, akabaki kitandani ndani ya hema. Akanipa daftari akasema, "Nenda wewe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupima bila yeye kunitazama. Nilitembea kwa maringo, nakiri.

Nilianza mbugani. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za upana wa kiganja. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko sikugusa mwisho. Gogo lilipoanguka, chuma kilidunda na kulia kama kengele. Mapigo arobaini na nane kwa futi moja. Mikono ilikufa ganzi. Nikachukua kopo la udongo kama nilivyofundishwa. Ulikuwa mkavu, hauna kitu.

Siku ya pili asubuhi nikapanda kilimani. Vigingi vya wapimaji wa ramani vilikuwa vimeshachomekwa siku nyingi, vitatu, vimepita katikati ya uwanja wa kitongoji. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mistari ya ufagio ikaonekana, na vigingi vimesimama kama mabwana harusi. Jumbe akaja kunipokea na watu wake. Sisi Wazaramo na watu wa kule tunataniana, kwa hiyo hakuchelewa.

"Aa, Mzaramo! Umekuja kuiba ardhi yetu kwa kuipiga?"

"Nimekuja kuiamsha, jumbe. Mmeilaza mno."

"Ukimaliza iamshe na familia yako Zinga, nasikia wanalala mpaka adhuhuri."

Tukacheka, nikaletewa mihogo ya kuchoma na kahawa. Walinitendea kama mwana wa nyumbani. Nikapiga chuma penye vigingi vyote vitatu. Kumi na moja. Kumi. Kumi na mbili. Chuma kiliingia kama kisu kwenye papai. Udongo ulitoka wa baridi kidogo, nami nikajiambia ni kivuli cha mikorosho iliyozunguka uwanja. Makopo yangu nilikuwa nimeyaacha kambini kwa uvivu wa kuyabeba mlima. Hilo ni kosa langu, wala siwezi kumsingizia mtu.

Mchana huohuo nikampa Bwana Injinia daftari. Akatazama: mbuga arobaini na nane, kilima kumi na moja. Akachora mstari kwa penseli nyekundu kupitia mbugani.

"Kazi nzuri, Mohamedi. Kesho kutwa vibarua wanaanza kufyeka."

Niliporudi hemani Mzee Kibwana alikuwa ameinua mguu juu ya sanduku. Nikamsomea nambari zangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kopo la kilimani liko wapi?"

"Sikuchukua, mzee. Niliona hapana haja. Udongo ulikuwa baridi tu, laini."

Akaushusha mguu chini.

"Mohamedi. Baridi ya Februari, juu ya kilima, imetoka wapi?"

Nilisimama pale nikihisi kama mtu aliyetoka nje na kanzu iliyochanika nyuma na wote wameona isipokuwa yeye. Nikaondoka nikarudi kilimani palepale, mbio.

Kisimani, chini ya kitongoji, nilimkuta Bi Mwanaidi, mkunga wao, mama mnene wa maneno mengi, akichota kwa kata na kujaza mtungi. Maji ya kisima yalikuwa yamebaki kidogo, unachota kata moja unangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesahau nini?"

"Nimekuja kuuliza juu ya uwanja. Kwenye vigingi. Mlitia maji?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama wanavaa nguo.

"Tulitia, ndiyo. Siku tatu, asubuhi na jioni. Jumbe alituambia wageni wa serikali watakuja kukaa pale penye vigingi. Mgeni tumkalishe kwenye vumbi?"

"Maji mengi?"

"Mtungi mmoja kila kigingi. Na alfajiri ya kuja kwako, miwili miwili."

Nikahesabu kichwani safari za kisima kile.

"Mama, kwa nini hamkuniambia?"

"Mgeni huambiwa kuwa amefagiliwa?" akasema. Kisha akaiona sura yangu, akaweka kata chini. "Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Kwamba maji yao ya heshima yalilainisha ardhi, nami nikaandika kuwa kilima chao ni laini, na kwa ajili hiyo barabara inapita mbugani. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini ukingoni mwa kisima akafunga vizuri mtandio wake. "Kwa hiyo ni sisi," akasema. Nikamwambia si wao, ni mimi. Sijui kama aliniamini.

Kwenda kwa Bwana Injinia kumwambia kuwa nambari niliyompa mchana haifai jioni, hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizotembea katika idara, ingawa ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka hema hadi hema. Nilimweleza yote, na makopo niliyoyaacha nikayataja. Akakunja uso.

"Wanawake walimwagia maji vigingi vyangu?"

"Kwa heshima, Bwana."

"Basi pima tena, pakavu."

"Nitapima, Bwana. Lakini nina neno lingine." Nikaonyesha mbugani kwa kidole. "Mitungi michache imeigeuza ardhi ya kilimani kiasi hiki. Hatujui mvua itaigeuza ya mbugani kiasi gani. Tumeipima mbuga ikiwa kavu. Barabara haitakaa kwenye ukavu mwaka mzima."

Akautazama tena mstari wake mwekundu. Sijui alifikiri nini. Mwisho akasema lori lake la maji liko Bagamoyo, lakini kama naweza kupata maji mwenyewe, ananipa siku tano, na vibarua watangoja.

Maji! Februari! Nilirudi kitongojini nikaomba wanawake wakusanyike. Nikawaambia nataka maji ya kumwaga chini, mbugani na kilimani, siku tano. Kelele iliyoinuka pale sitaisahau.

"Tulimwaga kwa heshima ukatuandikia ubovu, leo unataka tumwage kwa amri?"

"Watoto hawajaoga tangu Ijumaa, tukaogeshe mbuga?"

Bi Mwanaidi aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa upande wa kichwa cha kile kitanda. Nilimshika yule binti mkono mpaka ulipopoa. Anayetaka kukaa akae. Mimi naenda kuchota." Akajitwika debe akaondoka, hata hakugeuka kutazama. Walimfuata wote.

Nilijenga tuta la mraba la kuzuia maji mbugani, upana wa mkeka, na la pili kilimani mahali pakavu ambapo hapajaguswa na mtu. Kwanza nikapima kilimani pakavu: mapigo ishirini na sita. Hii ndiyo nambari niliyotakiwa kuipata siku ile. Kisha tukaanza kumwagia. Nilijua vizuri kuwa watu wale wanataka mbuga ishindwe, na kwa hiyo nilijiwekea sharti: debe moja huku, debe moja kule, na kijiti kimoja nachomeka kwa kila debe. Juu tukafunika makuti ili jua lisiibe.

Siku ya kwanza nyufa za mbuga zilikunywa kila kitu kwa sauti. Siku ya pili zikafumba, maji yakasimama juu, hayashuki. Nikaogopa kuwa nimejenga bwawa na si kipimo. Siku ya tatu asubuhi nikakuta nyayo ndogo za kike kuzunguka tuta la mbugani, na maji yamepanda kupita alama yangu. Nikaenda kuuliza. Hakuna aliyejua. Nikaamuru kilimani kuongezwe madebe mawili.

"Mawili bure?" Bi Mwanaidi akapaza sauti. "Kule kwetu?"

"Lazima yawe sawasawa, mama."

"Wewe baba, ukienda peponi utawasumbua malaika kwa kuhesabu milango." Lakini akayaleta.

Siku ya tano Bwana Injinia akaja, na Mzee Kibwana akaletwa juu ya machela, hakukubali kukosa. Kilimani, ndani ya tuta lililolowa: mapigo kumi na mbili. Kumbukeni nambari za siku ile ya kwanza: kumi na moja, kumi, kumi na mbili. Mbugani nikasimamisha chuma, nikanyanyua gogo, nikaliachia. Chuma kikashuka kama kinachoitwa chini. Pigo la pili halikuwa la lazima. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikawaomba wanyamaze kwa sababu kazi ilikuwa bado, nikapiga futi ya pili. Mapigo arobaini. Chini kulikuwa kugumu vilevile, maji hayakufika. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie. Vigelegele vikaisha. Bi Mwanaidi akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

Bwana Injinia akauliza, "Na masika italeta maji kama haya mliyomwaga?"

Watu wote walinitazama. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui, Bwana."

"Kibwana?"

Mzee Kibwana akajinyanyua kwa kiwiko. "Nami sijui, Bwana. Lakini Mei inajua."

Bwana Injinia alitembea kidogo peke yake, akarudi, akasema vibarua wapelekwe upande mwingine. Tutapima tena Mei, mbuga na kilima, siku moja, kisha ataamua.

Miezi ile miwili ndiyo iliyonifanya nizeeke. Mvua ikiwa haba, mbuga itabaki imara, barabara itapita palepale, na masika yoyote kubwa itakayofuata itaimeza. Na mimi nitakuwa mtu aliyesimamisha kazi kwa ajili ya madebe. Aprili ilianza kwa manyunyu. Nilikuwa natoka nje nakanyaga udongo wa shamba langu kwa kisigino kama mwendawazimu. Kisha mvua ikaja, ya kawaida tu, si kubwa kuliko tulizozoea. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaosimulia kuwa ilikuwa gharika. Haikuwa.

Mei tulifika. Kilimani nikapima: kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na nne. Mbugani sikufika kwenye kigingi. Nilienda hatua kama sitini nikashikwa magotini. Nikasimamisha chuma palepale nilipokwama. Kilishuka chenyewe, bila gogo, futi ya kwanza, futi ya pili, na kwenye ya tatu nikakishika kwa hofu ya kukipoteza. Bwana Injinia hakutosheka na maneno yangu. Alikunja suruali akaingia mwenyewe, akakibonyeza chuma kwa kiganja, na kiatu kimoja kikabaki kule. Kipo mpaka leo, nafikiri. Alipotoka akachukua kifutio kwanza, kisha penseli.

Usiku na mchana nimefikiri jambo moja na sijalimaliza. Nambari yangu mbovu, ile ya kilimani iliyoharibiwa na mitungi, ndiyo iliyokaribia ukweli wa masika. Nambari yangu safi, ile ya mbugani niliyoipata kwa kufuata kila sharti, na kopo juu yake, ndiyo iliyodanganya. Nilikuwa nimepima kwa uangalifu ardhi ya mwezi mmoja nikaiita ardhi ya mwaka. Bi Mwanaidi aliniuliza siku ile ya Mei, "Sasa, mwanangu, sisi tulikosea au hatukukosea?" Nikamwambia walichokosea ni kutokuniambia, na nilichokosea mimi ni kutokuuliza, na maji yenyewe hayakukosea. Akasema jibu hilo ni la mtu aliyekula mihogo yao. Kweli.

Barabara ikapita kilimani. Si malaika, nisije nikaisifu kupita kiasi. Mahali pa kichanga kitupu, kiangazi, mchanga ulikauka ukawa unga na malori yakazama kama ile baiskeli ya pwani. Tulifanya nini? Tulichota udongo mweusi wa mbugani, uleule tulioukataa, tukauchanganya na mchanga na maji kidogo, tukashindilia. Ukashikamana vizuri. Kwa hiyo msiwe watu wa kusema udongo huu mzuri, huu mbaya. Ulizeni una maji kiasi gani, na mwezi gani.

Na zile nafasi mbili katika karatasi zenu za kupimia, moja inayouliza mvua ya mwisho ilinyesha lini, na moja inayouliza kama kuna mtu aliyemwaga maji mahali pa kipimo, ambayo nasikia mnaicheka na kuandika "hapana" bila kutazama: zilitiwa na Bwana Injinia baada ya Mei ile. Hazina jina langu, wala sikuomba liwemo. Lakini kila nikiziona nilikuwa navuta kiti nikakaa wima. Fahari yangu ya miaka yote ni hizo nafasi mbili. Naomba mziulize kwa mdomo, kwa mwenye uwanja, kabla hamjanywa kahawa yake.

Saa tisa alasiri lori la mkaa limesimama hapa mbele kwa sababu ya mvua, dereva akaja barazani kukung'uta maji. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema ng'ambo ya Mkange, ameondoka asubuhi.

"Njia ikoje huko juu, kilimani?"

"Ina utelezi kwenye kona, mzee. Lakini inapitika. Kwani?"

"Hapana," nikasema. "Nauliza tu."

Jioni tumefuturu na dereva yule, hakuweza kuondoka: tende, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, na vipande vya samaki changu alivyokaanga mke wangu. Dereva aliongezewa uji mara mbili.